Sista wa Dawa ya Majaribio

Mtaani kwetu Chanika tulimwita Sista, kama wanavyoitwa manesi wote, na sikumbuki mtu aliyejisumbua kuuliza jina lake. Wengine walimwita Sista wa Damu. Hilo hawakulisema mbele yake, lakini nina hakika alilijua, maana alikuwa mtu wa kujua anachosemwa.

Hakuamini kitu mpaka akikague. Ukimuuzia mayai aliyatikisa sikioni moja moja. Dukani aligeuza pakiti ya maziwa kutafuta tarehe, akishaipata anaikwangua kwa ukucha aone kama haikubandikwa juu ya nyingine. Kwenye shughuli alikaa, alipiga makofi, alitunza, ila sahani ya pilau aliisukuma kwa aliyekaa jirani yake na kusema ameshiba. Ukimpa habari alikuuliza umeisikia kwa nani, na huyo naye kaisikia kwa nani, mpaka habari yenyewe inakuishia mdomoni. Mume wangu ni mchonga vinyago, mtu wa maneno machache. Alisema mwanamke asiyeamini watu namna ile, basi kuna jambo analijua.

Na sie hatukumwamini. Tungemwaminije? Alikuja mtaani kwa gari jeupe lenye maandishi ubavuni, kafuatana na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, anatafuta watoto wenye selimundu. Nyumba iliyokuwa na mtoto wa aina hiyo ilikuwa inajificha, wao wanaitafuta. Selimundu ni ugonjwa wa kuzaliwa nao. Damu inajikunja kama mundu, inaziba njia zake yenyewe mwilini. Mwanangu Rehema alikuwa nao. Wakati ule ana miaka saba. Alikuwa anaamka mzima, anakwenda shule, mchana wanamrudisha analia mifupa, na kilio cha mifupa hakina mahali pa kushika useme nimkande hapa. Tulishalazwa mpaka wauza uji wa pale hospitali wananisalimia kwa jina la mtoto.

Wakaitisha mkutano kwenye uwanja wa shule. Sista akaeleza. Kuna dawa, alisema, si ngeni, watu wazima wanaitumia miaka mingi. Tatizo ni watoto. Kila mtoto amekuwa akipewa kwa kukisia. Sasa imetengenezwa kidonge cha watoto, kinayeyuka kwenye kijiko cha maji, na kinatafutwa kipimo chake. Watoto watagawanywa makundi mawili: kundi moja litapewa dozi ndogo isiyobadilika, jingine dozi itapandishwa taratibu kadiri mwili unavyohimili. Mzazi hatajua mwanawe yuko kundi gani. Hata yeye Sista hatajua.

Pale minong'ono ikaanza. Mzee mmoja muuza mkaa akasimama, akauliza kwa adabu kwa nini wamekuja Chanika, mbona hawakuanza na watoto wa matajiri kule Masaki. Watu wakacheka. Sista hakucheka. Alisema hata yeye aliwauliza hivyohivyo waliomtuma, wakamjibu kwamba ugonjwa upo huku. Ni kweli upo huku, alisema. Kisha akaongeza kwamba swali la mzee lina upande wa pili, ule wa Masaki, na huo hakujibiwa.

Mwenyekiti alimtazama kama mtu aliyeona mpishi anatema mate kwenye sufuria. Mume wangu alinigusa kiwiko. Tukiwa njiani kurudi nyumbani aliniambia yule mama ni hatari kuliko nilivyodhani, kwa sababu mwongo wa kawaida anasifia bidhaa yake.

Nilimpeleka Rehema. Sitadanganya kwamba nilishawishika, nilikuwa nimechoka. Kliniki yao ilikuwa jengo dogo nyuma ya kituo cha afya, lina feni inayofanya kazi na viti vya plastiki vilivyofutwa vumbi, na usafi ule wenyewe ulinitia shaka. Sista alikuwa na tabia moja iliyowachosha wazazi wengi. Akishakusomea karatasi ya ridhaa, hakupi kalamu. Anaifunika, anakwambia sasa nieleze wewe, jifanye mie ndiye mama na wewe ndiye nesi. Ukikosea anaanza upya. Siku hiyo mbele yangu alikuwepo mama mmoja kijana aliyesema hana haja ya kuelezwa, apewe tu karatasi aweke dole gumba, kwa sababu kasikia matibabu ni ya bure. Sista alimwambia hajaelewa, amechoka tu, aende akapumzike arudi na baba wa mtoto. Yule mama aliondoka analia. Nikajiuliza huyu anachagua nini. Wanaotaka anawarudisha, sie tunaosita anatushika.

Halafu alifanya jambo ambalo sikuwahi kuliona kwa mganga wala daktari. Aliniomba nitoke nje na mume wangu, akabaki na Rehema ndani, mlango wazi, yeye kachuchumaa ili wawe sawa kwa urefu. Tulimwona anasikiliza. Hatukusikia. Akatoka, akasema uzito wa mtoto haujakaa vizuri, turudi mwezi ujao.

Mume wangu alielewa mara moja. Alisema Sista ameona tumevaa vizuri, anataka kitu kidogo. Mwezi uliofuata tulirudi na kuku, Sista akamtazama yule kuku, akamtazama mume wangu, akatuambia tumpeleke kuku nyumbani kabla hajafa na jua. Akaingia tena na Rehema, wakaongea, akatoka, akasema sasa inawezekana.

Miaka ilipita kabla sijaambiwa kilichotokea. Nilikuwa namsuka Rehema, akasema hivihivi tu, kama anayesimulia ndoto, kwamba siku ile ya kwanza Sista alimuuliza kama anataka, na yeye akasema hataki. Sista akamwambia basi, hakuna shida, nitasema ni uzito. Siku ya pili akamuuliza anaogopa nini hasa. Rehema akasema sindano ya mgongo wa kiganja, kwa sababu wodini walikuwa wanamchoma hapo mpaka mkono unavimba. Sista akamwahidi hapo hawatamchoma. Na hawakumchoma kamwe. Kumbe mtu yule alinidanganya kwa heri ya mtoto wangu. Lakini alinidanganya, na ningelijua hilo wakati ule ningemtoa Rehema siku hiyohiyo.

Nilimfahamu zaidi kwa sababu ya cherehani. Mie ni fundi wa kushona, na Sista alikuwa ananiletea sare zake nizipunguze, maana kila sare aliyopewa ilikuwa kubwa. Alikaa kibarazani kwangu akingojea, akaongea. Hakuongea habari zake. Aliongea kazi. Aliniambia kwamba zamani, kwenye wodi ya watoto, walikuwa wanakata vidonge vya watu wazima kwa wembe. Nusu, robo, nusu ya robo. Vingine vinavunjika vumbi, wanalikusanya vumbi kwenye karatasi, wanakisia kwa jicho, wanachanganya na maji ya sukari, wanamnywesha mtoto huku wanamwomba Mungu. Wapo waliopona, wapo walioharibika masikio, wapo ambao hawakuamka, na hakuna aliyejua ni ugonjwa au ni wembe.

"Mnaniuliza kwa nini nawafanyia watoto majaribio," aliniambia. "Nimewafanyia maisha yangu yote, Mama Rehema. Tofauti ya sasa ni kwamba naomba ruhusa."

Maneno hayo yaliniingia. Nilipompelekea mume wangu, aliendelea kupiga tindo kwenye mpingo wake kwa muda, kisha akasema mtu akikiri kosa la zamani ni rahisi kukupitishia la sasa. Ndivyo tulivyoishi naye: kila zuri lake lilikuwa na mlango wa nyuma, nasi tukiusimamia kuona nini kitatokea.

Na yeye mwenyewe alitusaidia kumshuku. Alituhimiza kuuliza kila kitu, ila ukimuuliza yeye lolote alikutazama kama umepotea njia. Hakuna aliyewahi kuvuka kibaraza cha nyumba aliyopanga. Mapazia hayakufunguliwa. Aliwakataza wazazi kabisa kupeleka watoto kwa waganga, lakini kwenye mkono wake wa kushoto, chini ya saa, kulikuwa na uzi mweusi uliofungwa fundo. Na likizo za shule alikuja kukaa naye mjukuu wake wa kiume, umri wa Rehema, ambaye hakutoka kucheza.

Siku moja nilimpelekea sare mlangoni kwake. Yule mjukuu ndiye aliyefungua. Aliniamkia vizuri, shikamoo mama, akapokea mfuko. Nikayaona macho yake. Mwenye mtoto wa selimundu hahitaji kipimo; umanjano ule naujua kama sauti ya mwanangu. Nilirudi nyumbani. Mtoto wake anao, nikawaza, na pale kliniki hayupo.

Sikuwa peke yangu kuona. Haikuchukua muda mtaa mzima ulikuwa unasema: wake kamficha, wetu anawapeleka. Alipokuja kuchukua sare nyingine nilimuuliza. Hakubadilika uso. Alisema kuna kanuni, ndugu wa mfanyakazi haruhusiwi kuingia kwenye utafiti, isije ikaonekana kalazimishwa au kapendelewa. Nikasema sawa. Mume wangu aliposikia alisema kanuni nzuri sana hiyo.

Kisha Elia akafa.

Elia alikuwa mtoto wa jirani yetu, mama mmoja wa Singida anayeuza mboga pale njia panda. Yeye na Rehema walianza dawa pamoja, wanakwenda kliniki wameshikana mikono. Alipata homa, mama yake akadhani itapita, asubuhi ya pili mtoto hana fahamu, na jioni yake amefariki. Turubai lilikuwa halijakazwa kamba, watu wameshasema ni dawa.

Sista alikuja msibani kwa miguu, bila gari, kajitanda kanga kama mwanamke mwingine yeyote. Wanaume waliokuwa kwenye viti walisimama. Mmoja alimwambia arudi alikotoka. Yeye akapita kati yao, akaingia walipokaa wanawake, akaketi mkekani karibu na mama mfiwa. Mama Elia alimgeukia.

"Ni ile dawa?" akauliza.

"Sijui, Mama Elia," Sista akasema. "Wakubwa wangu wataangalia, na mie nitauliza. Nikijibiwa, utalisikia kutoka kwangu."

Nimeshasikia wahudumu wakisema ni mipango ya Mungu, nimesikia mlichelewa kumleta. Neno lile sikuwahi kulisikia. Wanawake wakagawanyika. Wengine wakasema nesi gani asiyejua. Wengine wakasema anajua, anaficha. Mie nilikuwa na hawa wa pili.

Baada ya hapo mambo yaliharibika. Gari jeupe lilivunjwa kioo. Mwenyekiti alimwomba asipite mtaani mpaka watu wapoe. Wazazi wengi wakawatoa watoto wao. Mume wangu alisema na sie tumtoe Rehema, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu alisema kwa sauti ya juu. Nikaenda kwa Sista. Nilimkuta kliniki peke yake, viti vya plastiki vimepangwa na hakuna aliyekaa. Nikamwambia nataka kumtoa mtoto. Akasema ninaweza, leo hii, bila kutoa sababu, na Rehema ataendelea kutibiwa kama kawaida pale kituoni. Akanieleza hatari za kubaki, kisha akanieleza hatari za kuondoka, kwa sauti ileile.

Nikamwambia aniache na habari za karatasi. "Nishauri kama mwanamke mwenzangu," nikasema.

"Ndiyo maana sikushauri," akajibu. "Mwanamke mwenzako ukimsikiliza, utakuwa umemsikiliza mtu wa utafiti aliyevaa kanga."

Nilichukia. Nilitaka aniambie baki, nipate wa kumlaumu. Au aniambie ondoka, nimwone mkweli. Hakunipa hata moja. Nikakaa pale kwenye kiti nikamfikiria Rehema. Tangu aanze kile kidonge, mifupa ilikuwa imenyamaza kwa muda ambao sikuwahi kuuona. Alikuwa ameanza kuruka kamba. Nikarudi nyumbani nikamwambia mume wangu mtoto anabaki. Hakunisemesha wiki nzima, akachonga tu. Lakini siku ya kliniki ilipofika, yeye ndiye aliyembeba Rehema kwenye baiskeli kumpeleka, na alikaa pale mlangoni mpaka mwisho, anamkodolea macho kila aliyeshika sindano.

Sista alirudi kwa Mama Elia. Ilikuwa baada ya miezi, watu wameshasahau ahadi yake. Alimkuta nyumbani anachambua mchicha, akamwambia kile alichokipata: kwamba Elia aliuawa na maambukizi ya damu, yale yanayowapata upesi watoto wa selimundu, na wakubwa wake wameamua kwamba dawa haikuhusika. Angeweza kuishia hapo. Akaendelea, akamwambia siri aliyofunuliwa kifo kilipochunguzwa: kwamba Elia alikuwa kwenye kundi la dozi ndogo. Mama Elia akamuuliza kama ile kubwa ingemwokoa. Sista akasema huenda, na huenda isingemwokoa, na hilo hakuna atakayelijua. Mama Elia mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Alimfukuza. Alimtupia maneno ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Kisha akamwona anavyokwenda na ile njia ya mchanga, sare inampwaya, akamwita arudi, akampa maji ya kunywa. Wakakaa mpaka mchicha ukaisha.

Lile la makundi halikuwa lake kulisema. Lilipaswa kutoka kwa wakubwa, kwa wakati wao. Haukupita muda gari jeupe likawa linakuja na nesi mwingine, msichana mchangamfu, anayesoma karatasi haraka na kutoa kalamu. Sista alisema mkataba wake umeisha. Mjumbe wa nyumba kumi alisema kafukuzwa. Mume wangu alisema amehamishiwa mtaa mwingine akaanze upya na watu wasiomjua. Siku alipohama alifunga mizigo yake mwenyewe, na tulipochungulia nyumba aliyoiacha hakukuwa na kitu cha kushangaza. Vyumba viwili na harufu ya dawa ya mbu.

Utafiti uliisha. Walituita, wakatuambia ile dozi ya kupandishwa ndiyo iliyowafaa watoto, na kwamba Rehema alikuwa upande huo. Watu walipiga makofi. Mie niliangalia kama Mama Elia yupo, hakuwepo. Baadaye vidonge vile vikawa vinapatikana, vikaadimika, tukavitafuta famasi hadi famasi, vikapatikana tena. Sasa wanavitoa kliniki za kawaida, na akina mama vijana wanavipokea bila kujua vilitoka wapi. Sikuwahi kuwaambia.

Mara ya mwisho kumwona Sista ni mwaka jana. Mwanamke mmoja niliyemshonea aliniambia anamfahamu, amepooza upande mmoja, anakaa kwa binti yake Tegeta. Nikaenda na Rehema, ambaye sasa yuko sekondari na amenipita urefu. Tulimkuta kakaa kwenye kiti sebuleni. Mwili umesinyaa, lakini macho ni yaleyale. Alikagua kwanza machungwa tuliyomletea. Mjukuu wake ndiye aliyekuwa anamlisha uji, kijana mrefu mwembamba, ule umanjano wa macho umepungua. Rehema alimwamkia Sista, Sista akamshika kiganja, akakigeuza kuangalia mgongo wake, akakiachia.

Tuliongea habari za watu. Kisha nikamuuliza nililotaka kumuuliza miaka yote. Nilimuuliza kama ile kanuni ya ndugu wa wafanyakazi ilikuwa kweli. Akasema ilikuwa kweli.

"Na isingekuwepo?"

Ulimi wake ulikuwa mzito.

"Nisingemweka," akasema. Akaeleza, polepole, kwamba kulikuwa na daktari aliyefanya naye kazi zamani, aliyekuwa anampatia ile dawa ya watu wazima, na yeye akimkatia mjukuu wake nyumbani kwa wembe, mlango umefungwa.

Kijana alishusha kijiko. Nilimwona hakuwa anajua kwamba hilo ni la kusimuliwa. Rehema ndiye aliyeuliza, kwa upole, kwa nini.

"Niliogopa," Sista akasema.

"Mama yangu hakuogopa?"

"Mama yako aliogopa kuliko mimi. Ila mimi nilikuwa na daktari. Yeye alikuwa na mie tu."

Hakuomba msamaha, wala hakulia. Kijana alimfuta uji kidevuni. Nikasema tumekaa sana, njia ni ndefu, nikamshika mkono ule mzima nikamuaga, naye akanishikilia muda mrefu kidogo kuliko ilivyo desturi. Kijana akatusindikiza mpaka barabarani, akamuuliza Rehema kama na yeye vidonge vinamwachia ladha ya chuma mdomoni, Rehema akasema ndiyo, afadhali avinywe na maji ya ndimu.

Alipotuacha, Rehema aliniambia kwamba bora kasema. Nikamjibu ndiyo, bora kasema. Kisha nikatangulia mbele mpaka kituoni, ili asiuone uso wangu.